Madera ya Mazishi Yalivyoimba Kanisani

Bwana asifiwe! Na nyinyi wa nyuma mliokimbilia kiyoyozi, msifuni pia, msiniangalie tu!

Mimi ni Mama Imani. Wengi wenu mmevaa nguo zangu, na wengine mmenitumia sauti za WhatsApp ambazo siwezi kuzicheza mbele ya mchungaji. Nimewasamehe. Lakini leo nasimama kusema vile Mungu alinitoa kwenye shimo nililochimba mwenyewe, na jinsi nilivyokaribia kumfanya mwanamke mwenzangu amzike mama yake akiwa amevaa nguo ya sherehe. Mtu akiumia na maneno yangu, avumilie. Mimi pia nilivumilia.

Ndugu zangu, nilianza kuuza madera mtandaoni Imani akiwa na miezi sita. Dada yangu aliyeko Mombasa ananunua kitambaa, fundi anashona, mzigo unafika hapa Doha, mimi naweka picha. Kwa wiki nilipata oda sita, saba hivi. Naandika kwa daftari, natia kwa mfuko, na Ijumaa Baba Imani anasambaza kwa gari, kwa sababu hiyo ndiyo siku wengi wana off. Maisha yalikuwa matamu. Nilikuwa nakula chakula kikiwa moto!

Halafu mteja mmoja akajirekodi akicheza na dera langu kando ya bahari, upepo unalipeperusha kama bendera. Video ikazunguka. Asubuhi naamka, simu imejaa hadi inakwama. Wa mahotelini, wa majumbani, masekyuriti wanaotafutia wake zao. Watanzania, Waganda, Wakenya wenzangu. Oda sita zikawa sitini kabla mwezi haujaisha. Na mimi, ndugu zangu, nilikubali zote. ZOTE! Hata mtu akiniuliza saa ambayo niko na povu la sabuni kichwani, namjibu, "Sawa mpenzi, utapata Ijumaa."

Kwa nini nilikubali zote? Hapa ndipo nina hasira, na sitaificha. Nilimwendea mama mmoja tunayemheshimu katika ushirika, nikamwambia nimechoka, nataka nifunge oda kidogo nipumue. Akanitazama hivi. Akasema, "Mama Imani, Mungu amekufungulia mlango na wewe unataka kumfungia? Uchovu ni imani haba." Mimi mjinga nikasema amina! Nikarudi nyumbani nikachukua oda kumi zaidi. Jamani, tuwache kuwabebesha watu mizigo halafu tunaiita baraka. Sisemi ni nani. Anajijua, na amekaa hapa.

Basi nikawa mtu mbaya. Imani analia, nampa simu ya zamani achezee. Baba Imani akiuliza chakula, namuuliza kama hana mikono. Rangi ikiisha, namtilia mteja rangi nyingine bila kumuuliza, nasema atazoea. Na lile daftari! Ndugu zangu, mnajua sisi hatujuani majina. Mtu ni Mama Brian, Mama Faith, Mama Joy. Nimewaandika hivyo kwa simu, nimewaandika hivyo kwa daftari, na kwa mifuko nikaandika hivyo hivyo na kalamu nene. Nilipokuwa na wateja saba, Mama Joy alikuwa mmoja. Sasa walikuwa watano.

Basi wiki moja Mama Joy wa Al Thumama, yaya katika nyumba moja huko, alifiwa na mama yake. Yule mzee akiwa hospitalini alikuwa ameonyeshwa picha za duka langu kwa simu, akanyoosha kidole kwenye dera la zambarau lenye maua meupe. Akasema, "Siku yangu ikifika, wasichana wangu wanivalie hili." Yalikuwa yamebaki manne tu. Wasichana wake ni wanne. Mama Joy alinipigia akilia, nikamwahidi kwamba Ijumaa asubuhi atayapata, maana ndege yake ilikuwa Ijumaa hiyo hiyo jioni na mazishi ni kesho yake.

Wiki hiyo hiyo Mama Joy wa Umm Salal, yule anayeongoza waimbaji wetu, alikuwa ameagiza madera manne ya rangi ya machungwa, sare ya kuimbia. Dera halina saizi, linamkaa kila mtu. Mifuko miwili, madera manne kila mmoja, na jina ni lile lile.

Ijumaa asubuhi Baba Imani amesimama mlangoni na mifuko. Ananiuliza kwa upole, "Mama Imani, huu wa Mama Joy ni wa wapi?"

Nikamfokea, "Mama Joy ni Mama Joy! Kwani wewe kila kitu lazima uulize? Enda!"

Akaenda. Mnyonge wa Mungu, akaenda.

Tuko hapa kanisani Mesaimeer, ibada ya Ijumaa imeanza, simu ikatetemeka. Ni sauti ya Mama Joy wa Al Thumama. Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema pole pole, "Mama Imani, nimefungua mfuko. Ni machungwa. Saa saba natoka kwenda uwanja wa ndege. Sasa mama yangu nitamwambia nini?"

Ndugu zangu, viti vya waimbaji vilikuwa bado vitupu. Nikatoka nje, nikampigia yule wa Umm Salal. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Umm Salal ni mbali, na nikifika nitagonga mlango upi? Anayezijua nyumba ni Baba Imani, na yeye alikuwa bado anazunguka na mifuko, simu hapokei. Nikarudi kukaa na Imani mapajani. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, "Bwana, nimeharibu. Nisaidie kwanza, halafu unipige baadaye."

Mwenye zamu ya kuongoza ibada akasema, "Tuwakaribishe waimbaji wetu."

Wakatoka. Wanne. Wamevaa zambarau, maua meupe! Wanatembea kwa madaha, Mama Joy mbele na maikrofoni, anatabasamu kama bibi harusi!

Mlionicheka siku ile mnajua kilichofuata. Nilimtupia jirani mtoto wangu nikakimbia mbele nikipiga kelele, "Simameni! Vueni! Hizo nguo ni za mazishi!"

Kinanda kikanyamaza. Mama Joy akasema kwenye maikrofoni, kanisa zima likasikia, "Mazishi ya nani? Mimi mbona niko hai?"

Nikamweleza nikilia. Akasema, "Wewe, nilidhani machungwa yaliisha ukatubadilishia kama kawaida yako!" Kisha akawageukia wenzake. "Dada zangu, twendeni chooni." Hakuuliza la pili. Wawili walikuwa na jinzi ndani. Wa tatu akafungwa leso, na Mama Joy mwenyewe akarudi kuimba amevaa koti la mchungaji. Na waliimba, ndugu zangu! Waliimba kuliko siku zote!

Ndugu mmoja mwenye teksi akanikimbiza Al Thumama. Nilimkuta Mama Joy kwenye ngazi, sanduku limefungwa. Nikampa mfuko, nikachukua ule wa machungwa, nikamwambia ukweli wote: yamevaliwa, yana jasho, yananukia udi wa Umm Salal, sina muda wa kuyafua, nisamehe. Aliyaweka usoni akayanusa. Akalia, kisha akacheka katikati ya kilio.

"Angalau," akasema, "yameombewa."

Mungu akuinue, Mama Joy! Jumamosi alinitumia picha. Wasichana wanne, zambarau, wamesimama pamoja. Niliiangalia hadi Imani akaninyang'anya simu.

Jioni ile nilimpigia magoti Baba Imani. Halafu nikafunga oda wiki mbili. Niliandika tu, "Nimejaa. Rudini baadaye." Nilingoja radi inipige. Haikunipiga! Wengine walienda kwingine, waende salama. Siku hizi kila oda ina namba yake, jina kamili la mtu, mahali anapokaa, na mfuko unapigwa picha mteja auone kabla haujatoka mlangoni. Zikifika thelathini kwa wiki, nafunga. Mama Joy wa Umm Salal ananisaidia kupanga oda katika siku yake ya off, na ananisimamia kama askari. Nimelala, ndugu zangu. Nimemsikia mtoto wangu akijifunza kusema "maji".

Namshukuru Mungu aliyenisaidia kwanza, na hadi leo bado hajanipiga. Wewe uliyeketi hapo na mzigo ulioambiwa ni baraka, mtegemee Yeye hata kwa kusema hapana. Hatakuangusha. Anayetaka tuombe pamoja kwa jambo hili, aje mbele sasa hivi, asione haya. Ila usije na oda ya dera hapa madhabahuni. Wiki hii nimejaa. Bwana asifiwe!