Bi Umekujaje na Njia ya Baiskeli

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wanachama mliosimama kule nyuma mmeshikilia baiskeli zenu, poleni sana, na tafadhali ziegemezeni ukutani, ukuta huu ni imara na marehemu angependa kuziona. Mimi ni binti wa kaka yake, familia imenituma niwasomee historia ya shangazi yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Umekujaje, na jina hilo halikutoka hewani.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1960, mtoto wa tatu na binti pekee wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Kaka zake wanasema alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno, na chumvi hiyo nimeikuta, naiacha kama ilivyo. Alianza shule ya msingi hapo hapo mtaani mwaka 1967, akamaliza sekondari mwaka 1978, kila mwalimu akimsifu kwa udadisi na kila mwalimu akimwomba apumzike kidogo.

Mwaka 1980 aliajiriwa posta, kazi yake kuwaunganishia watu simu, na aliapa hadi mwisho kwamba hakusikiliza mazungumzo ya mtu, nasi tuliamua kumwamini. Alikwenda kazini kwa baiskeli ya baba yake, na siku moja tairi lilipopata pancha alisimama kwa fundi mmoja kijana, akamuuliza kazi ya kila kifaa, mpaka fundi akataka kujua kama amekuja kuziba pancha au kumnyang'anya kazi. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1984, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, ambao wako hapa mbele pamoja na fundi wake.

Mitambo ya simu ilipobadilishwa mwaka 1998 alipunguzwa kazini, akaingia chama cha waendesha baiskeli kama katibu, na Januari 2016 akachaguliwa mwenyekiti. Mwaka huo, jamani, ulikuwa mwaka kweli. Ofisi ya mipango ilitaka kupanua barabara ya hospitali, na kwenye mchoro njia ya baiskeli ilikuwa imefutwa, kwa maelezo kwamba hapo hakuna waendesha baiskeli. Chama kikapewa hadi mwisho wa mwaka kuonyesha kwamba wapo, la sivyo lami yote iwe ya magari. Wanachama wakaenda kwenye makutano, wakawasimamisha watu waliokaa juu ya baiskeli, wakawauliza kwa heshima kama wao ni waendesha baiskeli, na watu hao, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedali, wakajibu hapana. Muuza mkate alisema yeye ni muuza mkate, mlinzi alisema anatoka lindo, na mama mmoja aliyempakia mwanawe nyuma alisema yeye anawahi kliniki tu. Chama kilirudi kimenywea, wengine wakisema watu hawa wanatudharau, wengine wakisema tukubali yaishe.

Shangazi hakukasirika, alishangaa, na akishangaa hakuna aliyelala. Alikwenda mwenyewe pale makutano, akasikiliza, kisha akawaambia wenzake kwamba kosa ni lao, kwani neno hilo la mwendesha baiskeli wamelivalisha kofia ngumu na nguo za kubana za Jumapili, muuza mkate hawezi kujiona ndani yake. Akalifuta swali, akaweka neno moja tu, umekujaje, na watu wakamjibu, kwa baiskeli, mama, kwani huoni? Wanachama wa zamani wakanuna kwamba chama cha wanamichezo kinageuzwa genge la wauza mkate, nusu yao wakahama, na hao walikuwa rafiki zake wa miaka mingi, kwa hiyo lilimuuma, tena sana. Viti walivyoacha vilikaliwa na muuza mkate, mlinzi na yule mama wa kliniki, na ndio walioingia naye ofisi ya mipango mwezi Novemba na hesabu ya wote waliojibu kwa baiskeli, ambako alimuuliza mkuu wa ofisi amekujaje, naye akajibu kwamba amekuja kwa gari na foleni imemchelewesha, kikao kizima kikacheka, yeye akiwemo. Njia ikarudishwa kwenye mchoro, kisha ikajengwa.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kumsumbua, akatibiwa hospitali hiyo hiyo, na kila alipolazwa aliomba kitanda cha dirishani ili aone nani anapita. Hakuna muuguzi aliyeshika kipimajoto kabla ya kuulizwa amekujaje. Asubuhi ya tarehe 17 Februari 2024 muuguzi wa zamu aliingia, akasubiri swali lake, swali halikuja, akakimbia kumwita daktari, lakini shangazi alikuwa ameshatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa kumtunza na kumjibu, majirani kwa kutotuacha peke yetu, wanachama wote, na ninyi pia mliohama mwaka ule, nimewaona, na nimeambiwa mmekuja kwa njia ile ile.

Shangazi, maisha yako yote uliuliza wewe, sisi tukajibu. Leo zamu ni yetu: umefikaje? Pumzika kwa amani, utatujibu tukikutana.