Kasa wa Ishaq

Treni ya kutoka Mombasa ilikuwa imeshapita Maungu, na Ishaq, kijana wa Voi, alikuwa bado anamsifu kasa aliyempiga picha. "Wallahi, mwalimu, alitoka baharini pale Malindi akanikazia macho, utadhani yumo studio!"

Obadiah, mwalimu wa Wundanyi, naye alikuwa na kamera. Likizo nzima alikuwa amepata mawimbi na kaa mmoja, tena anakimbia. Wivu ukampanda. "Filamu yako ni ya picha ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na sita. Lakini nimeshapiga arubaini na tano na bado inakwenda. Kamera ya baraka hii!"

Filamu haizai. Obadiah alijua hii haikushika gurudumu la kuivuta tangu ilipotiwa. Ilikuwa bado imejikunja yote kwenye kikopo chake, haijaona kasa wala bahari. Kosa hilohilo ndilo lililompotezea Obadiah picha zote za harusi ya dada yake.

"Kweli ni ya baraka, ndugu yangu," alisema kwa upole.

Treni iliposimama Voi, Ishaq aliinua kamera. "Tulia hapo, mwalimu, nikupige moja ya kumbukumbu."

Obadiah akanyoosha ukosi wa shati, akatabasamu kwa meno yote.