Sauti ya Sumayiya Iliyoondolewa kwenye Hadithi Yake

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wa Mradi wa Hadithi za Kidijitali, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wenzetu:

KARIBU
Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu mtaani kwetu Kamwokya. Sisi wazazi wa darasa la tatu tumefurahi umekuja mwenyewe, maana simu zetu ofisini kwako hazikupokelewa.

TULIKOTOKA
Kabla ya mradi wako alikuwepo mwalimu Moreen Nakhisa. Alifundisha Kiingereza kwa simu yake mwenyewe: mtoto anachora hadithi ya kwao, anaisimulia, mwalimu anaunganisha picha na sauti, darasa zima linatazama. Kwa sababu ya bodaboda na spika za majirani, walirekodi chini ya meza, wamejifunika blanketi.

Sumayiya, binti wa Mama Habibah, alikuwa hafungui kinywa darasani. Nyumbani kwao wanazungumza Kinubi. Kiingereza alikiogopa kama sindano. Chini ya blanketi lile alisimulia jinsi bibi yake anavyofunika chakula cha babu kwa kawa alilolisuka mwenyewe, ingawa babu alishafariki. Alipoisikia sauti yake mbele ya wenzake alicheka mpaka akaficha uso. Tangu hapo hakunyamaza tena, na mwalimu Moreen akajua kazi yake imezaa.

MAFANIKIO
Mafanikio ni yako, mgeni rasmi. Maafisa wako waliipenda hadithi, wakaomba waondoe kelele za bodaboda tu. Sisi, kwa ujinga wetu, tukawapigia makofi na kuwapikia pilau. Leo unazindua tableti zenye hadithi hiyo. Zinang'aa kwelikweli.

CHANGAMOTO
Kelele ziliondoka, na mtoto akaondoka nazo. Anayesimulia sasa ni msichana wa mbali, mwenye Kiingereza cha puani. Kawa la bibi limegeuzwa friji. Mwalimu Moreen alipouliza, afisa wako alimjibu, "Madam, lafudhi ya huyu mtoto ni nzito. Wafadhili hawataelewa."

Tableti zilipojaribiwa darasani, Sumayiya alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ticha, ile hapana mimi. Mimi nilikosa wapi?" Mwalimu Moreen alijiona yeye ndiye aliyemuuza mtoto, akatoka nje kulia. Hata sisi tuna uchungu, na hatutauficha kwa sababu ya sherehe hii na viti vyake vya kukodi.

OMBI
Hatuombi tableti zaidi. Sauti ya kwanza bado iko kwenye simu ya mwalimu, na leo amekuja nayo. Irudisheni ndani ya hadithi, pamoja na kawa la bibi. Bodaboda zikisikika, ziacheni.

Utuwie radhi pia. Ratiba yako inasema risala hii ingesomwa kwa Kiingereza na mwanafunzi. Mwanafunzi huyo ni Sumayiya. Yuko pale mstari wa mbele, na gauni lake jipya. Asubuhi alimrudishia mwalimu karatasi, akasema, "Ticha, mpe ule msichana wa ndani ya tableti asome."

Ndiyo maana tumekusomea sisi, kwa Kiswahili.

Mungu akufikishe kwako salama, na akujalie kusikia.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Tatu, Kamwokya.