Bele ya Kiangazi

Ndani ya basi la kwenda Sigatoka, Fiji, Sailosi alijifanya anasinzia. Kiti cha mbele yake Laisani alikuwa amepakata kikapu cha bele, mboga ya kupeleka sokoni, na mwanamke aliyepanda njiani na kukaa kando yake, wala hawajuani, alikuwa ameshatia jani moja mdomoni.

"Chungu kama kwinini," alisema yule mgeni. "Na vijani vyenyewe kama masikio ya panya. Kwetu visiwani hivi tunawapa nguruwe."

"Ndiyo maana nguruwe wenu wana afya kuwashinda," alijibu Laisani bila kugeuka. "Miezi minne hatujaona mvua. Jani likipigwa na jua linajitengenezea dawa, na dawa haiwi tamu. Hayo yenu ni maji yaliyovaa kijani."

"Likipigwa sana linakuwa kamba. Utamtibu nani kwa kamba?"

Sailosi alikuwa na mwaka wa pili akipima majani hayo hayo kwenye maabara ya kilimo. Kiu kidogo huliongezea jani dawa; ikizidi, dawa hupungua. Wote wawili walikuwa sahihi. Lakini hakuna aliyemuuliza; akafumba macho tena.

"Kisiwa gani wewe?" aliuliza Laisani. Alipotajiwa, akashusha pumzi. "Basi nimekwisha. Sisi ni watani."

Na Fiji mtani akikipenda chako haombi, anachukua. Basi liliposimama, mgeni alishuka na mafungu matatu.

"Ya nguruwe," alisema.

"Nisalimie huyo nguruwe. Ana sukari au presha?"

"Presha," alijibu, tayari yuko chini.