Mwaka Aliopewa Paskalia

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2002, Stephano Kobelo hakulala. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mpunga Turiani, na mkewe Eufrazia alikuwa ameshikwa na uchungu huku Bigwa. Simu hakuna, mvua haikatiki. Habari zilimfikia asubuhi kwa mdomo wa kondakta wa basi: "Stephano, umepata binti. Mama yake mzima, anakusalimu, anauliza lini unarudi." Mtoto akaitwa Paskalia, kwa kuwa Pasaka ilikuwa haijapoa. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watatu.

Alipofikisha miaka miwili aligundulika kuwa na ugonjwa wa seli mundu. Tangu hapo mama yake alijifunza kulala huku sikio moja liko macho.

Alisoma shule ya msingi Bigwa kuanzia mwaka 2009 hadi 2015. Alikuwa na kawaida ya kurudi mchana na watoto wenzake wawili watatu, akisimama mlangoni na kusema, "Mama, ongeza maji kwenye mboga, tuko wengi." Alihitimu kidato cha nne mwaka 2019 na cha sita mwaka 2022. Kila darasa alilisoma akilazwa na kutoka, akilazwa na kutoka. Novemba 2022 alijiunga na chuo kikuu hapa Morogoro kusomea shahada ya ualimu.

Akiwa mwaka wa tatu alimpokea kitandani kwake mwanafunzi mwenzake, Shamimu, aliyekosa chumba. Wanafunzi huita kubebana, na sheria za bweni zinakataza. Ukaguzi wa Februari 2025 ulikuta vyumba viwili vimefanya hivyo. Msichana wa chumba cha pili alilia, akasema yule ni dada yake amekuja kumsalimia. Akapewa onyo.

Kabla Paskalia hajaingia mbele ya kamati ya nidhamu, mama yake alimvuta pembeni. "Mwanangu, waambie tu unajuta. Mdomo haulipiwi kodi."

"Mama, si wewe uliyenifundisha kusogea mgeni akija? Leo nikane?"

Ndani alisema sheria ameivunja na anaomba radhi kwa hilo, lakini kumlaza mwenzake hajutii. Alisimamishwa masomo mwaka mmoja.

Familia haijawahi kusema chuo kisiwe na sheria. Bweni lisilo na sheria ni gulio. Lakini aliyesema kweli alipewa mwaka, na aliyedanganya akapewa onyo. Tena mwaka wa mgonjwa si mrefu sawa na mwaka wa mzima. Mama yake na mjomba wake, Ernest, walikwenda kuomba apunguziwe. Waliambiwa kamati itakaa. Kama ilikaa, hawakuambiwa.

Mwaka ule Paskalia hakuukalia kitako. Alifanya kazi Kihonda, kwenye karakana ya kufungasha viungo, mdalasini na pilipili manga zinazoshuka kutoka milimani. Jioni aliwafundisha watoto wa majirani hesabu kibarazani. Akiumwa aliwafundisha amelala mkekani, na wao wakiandika kimya kimya wasimchoshe.

Marehemu hakuolewa. Mwaka 2024 ukoo wa mchumba wake, Dennis, ulileta posa, na mjomba Ernest aliipokea. Baada ya adhabu wakatuma mtu kusema wangesubiri kwanza amalize chuo. Paskalia alicheka. "Mjomba, waambie wasubirie huko huko kwao. Nikimaliza nitakuwa mwalimu, nitawapa mtihani."

Alitarajia kurudi chuoni mwishoni mwa mwezi huu wa Machi. Begi lake lilikuwa limeshapangwa. Tarehe 4 alishikwa na maumivu makali ya kifua, akalazwa. Shamimu, ambaye alishahitimu, aliacha shughuli zake akaja kumuuguza pamoja na mama yake. Alfajiri ya Jumanne tarehe 10 Machi 2026 Paskalia alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Ameacha baba na mama, wadogo zake Godfrey na Mercy, bibi yake, mjomba Ernest, na Shamimu, ambaye familia hii inamhesabu kama mtoto wake.

Juzi jioni alikuja msibani Mwalimu Oscar, mshauri wa wanafunzi, aliyekuwa kwenye kamati ile. Alikuja peke yake, kwa miguu. Watani wa ukoo wakamfungia mlango, kama ilivyo haki yao msibani.

"Wewe umesimamishwa!" alisema Bibi Zuleha, mkubwa wa watani. "Kula wali wa hapa, mpaka mwakani."

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, na bado umesimamishwa. Lia kidogo, tukupe onyo."

Watu walicheka, wengine huku wanafuta machozi. Mwalimu hakucheka, wala hakuondoka. Alisema hakutumwa na chuo, amekuja mwenyewe.

Mama wa marehemu alikuwa amekaa chini na kina mama, ndani. Alikuwa amechoka, hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu. Akainuka, akasogea mpaka mlangoni, akauliza bila kufungua:

"Mwalimu, ule mwaka ulikuwa wa kumfundisha nini mwanangu?"

Mwalimu angeweza kutaja sheria, na kila mtu alingoja ataje.

"Mama," alisema, "sijui."

Mama Paskalia akafungua mlango.

Mungu ampe binti yetu pumziko ambalo mwili wake ulimnyima.