Kioo Kisichopulizwa

Wafiwa, ndugu, majirani, na nyote mliopanda mlima huu wa Lauscha katika theluji hii, kwa niaba ya ukoo wa Leipold, mimi Gerold, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe aliniagiza nisimpambe, simpambi.

Marehemu Roswitha Sommer alizaliwa tarehe 3 Februari 1952 hapa hapa Lauscha, mtoto wa kwanza wa Mzee Erwin Leipold, mpuliza vioo, mwana wa mpuliza vioo, na Mama Hildegund, aliyepaka rangi mapambo ya Krismasi jikoni kwetu, na katika nyumba ile kauli ilikuwa moja, kwamba kioo ni moto na pumzi, mengine yote ni porojo.

Alisoma hapa kijijini, kisha mwaka 1970 akaenda Ilmenau kusomea ufundi wa vioo, na huko akakutana na kioo kinachoanza kama maji, kinachodondoshwa katikati ya kigae, kigae kikazungushwa kasi kama pia, maji yakatawanyika hadi ukingoni, kisha yakakaushwa tanurini, ikabaki ngozi ya kioo, nyembamba kuliko povu la sabuni. Kazi yake ya mwisho chuoni aliiharibu mwenyewe, kwa kumimina utando mnene ili amalize mara moja, nao ukapasukapasuka kama tope la dimbwi lililokauka, akaanza upya, utando mwembamba juu ya mwembamba, na tangu hapo ole wake aliyemharakisha.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika maabara moja ya vioo mjini Jena, akadumu hapo hadi alipostaafu mwaka 2015, na tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu Hartwig Sommer, fundi wa saa. Jioni ya kuamkia harusi, watu walipokuja kuvunja vyombo mlangoni kwa desturi yetu, sahani na vikombe, lakini kioo kamwe, maana avunjaye kioo siku hiyo amevunja bahati ya maharusi, dada alimpa baba zawadi, kigae kidogo alichokivika kioo chake. Baba alikigeuzageuza, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Binti yangu, tangu lini kioo kikamiminwa kama supu?", akakirusha kwenye lundo pamoja na sahani. Watu walicheka, maharusi wakafagia vipande kama iwapasavyo, vya kigae kile vikiwemo. Ilimuuma, tusidanganyane, ikaendelea kumuuma miaka na miaka.

Walijaliwa binti mmoja, Annekatrin, tarehe 22 Oktoba 1980. Mama alipofariki mwaka 1996, baba alihamia kwao Jena, akawa anamfuata dada maabara, ati anakwenda kuota joto, anakaa kwenye kigoda na kutazama, mpaka siku moja akamwona akitupa kazi ya wiki nzima kwa sababu ya chembe ya vumbi. Jioni ile baba aliomba kisu amenye viazi vya kufinyangia madonge ya chakula, kazi ambayo hakuwahi kuigusa tangu azaliwe.

Tarehe 7 Julai 2006 ilikuwa zamu ya Annekatrin kuvunjiwa vyombo, na mfanyakazi mmoja wa maabara alileta kigae cha dada kilichokataliwa kwa doa, akainua mkono akivunje, na baba, mzee wa miaka themanini na miwili, akamdaka kiwiko, "We kijana, una wazimu? Hicho ni kioo! Kioo hakivunjwi leo!" Roswitha akakimbilia jikoni, akatoka na macho mekundu, akasingizia vitunguu, na siku hiyo hatukuwa na kitunguu hata kimoja.

Mwezi Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Jena, na alfajiri ya tarehe 16 Januari 2023 akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, binti na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotuletea supu bila kuombwa, na wenzake wa maabara, hasa yule aliyedakwa kiwiko, ambaye leo amebeba jeneza. Kigae mnachokiona juu yake ndicho kile kile, doa lake pembeni, na kitashuka naye kaburini kando ya baba, kikiwa kizima.

Pumzika kwa amani, dada, baba alishasema ni kioo.