Mashine Iliyogoma Kukojoa

Fundi wa mashine za boti, mgane mwenye maneno yake, aliketi nyuma kabisa ya boti ya abiria, macho kwenye maji yanayotoka ubavuni mwa mashine. Yalikuwa membamba kama uzi.

“Inakojoa kwa shida,” alimwambia mama wa mkoba mweusi aliyekaa naye. “Chumvi imeziba njia za maji ya kuipoza. Kila jioni huoshwa kwa maji ya bomba, ila wakubwa wamelitia bomba la gatini kufuli. Eti tunachezea maji.”

“Mzee, una kesi gani na wakubwa?” mama alicheka. “Hata mkeo akikunyima chai utawasingizia wao.”

“Mke wangu alishafariki. Chai najinyima mwenyewe.”

“Pole, mzee. Lakini si tunakwenda? Saa nne nina kikao cha usalama wa boti, na nitafika.”

Uzi ukawa matone, matone yakakatika. Mashine ikapiga king’ora, nahodha akaizima, boti ikasimama katikati ya maji. Mama akafungua mkoba haraka kutafuta simu. Ukaanguka ufunguo wenye kibao kilichoandikwa BOMBA.

Fundi akauokota, akaupangusa vizuri kwa shati lake. “Na huu, mama, ni wa wakubwa gani?”